Kutenga Si Kutupa



Somo: Marko 1:40-45

Shule za Kenya zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, getini kulikuwa na barakoa, maji na sabuni, na kipimajoto. Aliyekutwa na homa, nesi wa shule alimpeleka chumba cha peke yake. Wapo walioogopa chumba hicho kuliko Korona yenyewe. Basi mtu alibana kikohozi darasani, huku akiwahatarisha wenzake.

Sasa angalia nesi mwema. Anamtenga mgonjwa, ndiyo, lakini hamwachi. Anarudi kumpima joto, anahakikisha amekula, anampigia mzazi, akizidiwa anampeleka hospitali. Na jina la mgonjwa halitoki mle chumbani. Siri ikilindwa, mwingine naye atathubutu kuja. Kumbe kutunza siri ni sehemu ya tiba!

Yesu naye hakupuuza utaratibu: alimtuma yule mwenye ukoma kwa kuhani. Lakini kwanza alimgusa.

Mt. Aloisi Gonzaga, msimamizi wa vijana, aliwahudumia wagonjwa wa tauni Roma, akaambukizwa, akafa mwaka 1591 akiwa na miaka 23 tu. Wewe labda unaombwa kidogo zaidi: vaa barakoa, nawa mikono, funga mdomo.

Tafakari: Darasani kwenu, nani alipewa jina la utani kwa sababu ya ugonjwa? Ulicheka? Mwendee wiki hii.

Tuombe: Bwana, tufundishe kuukwepa ugonjwa bila kumkimbia mgonjwa. Amina.