Kijana wa Ihumwa Anayetaka Kusoma Marekani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya yamhusu kijana aliyepania, na mzazi atakayelipa. Yasomeni pamoja.

Usiuze kiwanja kumlipa wakala. Tangu Mji wa Serikali uanze kujengwa Mtumba, ardhi ya Ihumwa imepanda bei, na matapeli wa safari wanalijua hilo vizuri kuliko mwenye shamba. Atakuja mtu na mkoba wa nyaraka, aseme ana ndugu ubalozini. Mfukuze. Viza ya mwanafunzi, F-1, haiombwi bila fomu ya I-20, na fomu hiyo hutolewa na chuo chenyewe kilichokupokea, baada ya kuridhika kwamba ada na matumizi yako vina mlipaji. Hakuna wakala mwenye mamlaka ya kuitoa. Ushauri wa EducationUSA, mtandao unaosimamiwa na serikali ya Marekani, ni bure. Ardhi ikishauzwa hairudi, hata kijana akinyimwa viza.

Kagua majina yako leo hii. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ester, cha kidato cha nne kinasema Esther, pasipoti imeongeza jina la babu: hapo umejifungia mlango mwenyewe. Nenda RITA wanakotoa vyeti vya kuzaliwa, nenda kwa wakili ukale kiapo, maliza mapema.

Usikariri Kiingereza. Majibu ya mitihani iliyopita yatakupa alama, lakini insha ya maombi ya chuo utaiandika mwenyewe. Andika aya moja kila siku, mwalimu aisahihishe, uiandike upya.

Tafuta ufadhili kabla ya tiketi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii mfuko wa familia wanapochagua wanafunzi, hata wa kutoka nje, na humfidia aliyechaguliwa kwa kadiri ya upungufu wake. Ushindani wake ni mkali mno, kwa hiyo omba na vyuo usivyowahi kuvisikia. Chuo kisicho na jina kubwa nacho hufikisha mbali: Suleiman Nyambui, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mara, alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akaitwalia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow.

Usidanganye kwenye usaili wa viza. Usikope fedha za kupamba akaunti ya benki.

Ukifika, usifanye kazi ya kificho. Muhula ukiendelea, mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo. Ukiosha vyombo mgahawani mjini bila kibali, umeipoteza haki yako ya kukaa, na jasho la wazazi limekwenda bure.

Usiidharau UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Imekuwa hapa Dodoma tangu 2007. Pata shahada ya kwanza yenye alama nzuri, kisha omba uzamili au uzamivu Marekani, ambako vyuo vingi huwalipa wanafunzi wa ngazi hizo kwa kusaidia kufundisha na kutafiti. Kwa maoni yangu, hii ndiyo njia inayomfaa mtoto wa mkulima kuliko zote. Na chuo cha nyumbani hakimpunguzii mtu hadhi: Mkenya Wangari Maathai alisoma Kansas na Pittsburgh, lakini udaktari wake aliupata Nairobi, mwaka 1971.

Masharti ya viza kwa Watanzania hubadilika, na siku hizi yamekazwa. Mzazi, kabla ya kutoa shilingi yoyote, soma tovuti ya ubalozi, kisha kiandikie chuo mwenyewe na ukiulize kama kinamtambua huyo aliyeketi sebuleni kwako.