Jike hali chakula, kidevu kimevimba

*Nilichukua samaki wadogo wa rangi kwenye mawe upande wa Matema, nikawaweka katika tangi la kioo hapa Talatala. Jike mmoja hali siku ya tano sasa, na kidevu kimevimba. Nimtilie dawa? – Msomaji, Kyela*

Dawa iweke kando kwanza. Naielewa hofu yako, maana samaki akigoma kula mara nyingi anaumwa. Huyu, hata hivyo, inaelekea ni mama. Mbuna, ndio hao wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, hulelea mayai mdomoni. Jike huyabeba wiki tatu hivi bila kula, au akila kidogo sana. Mtazame koo: likichezacheza kana kwamba anatafuna polepole, anayageuza mayai yapate hewa.

Usimkimbize kwa wavu. Akishtuka atayatema au kuyameza. Panga mawe yenye mapango ajifiche, kwa sababu dume la mbuna, pamoja na uzuri wake wote, ni gomvi kweli. Badilisha robo ya maji kila wiki, joto liwe nyuzi 24 hadi 28. Chakula chao hasa ni mwani wa kwenye mawe. Ukiwazoesha nyama, matumbo yatawavimba.

Uhangaike pale kinachovimba kitakapokuwa tumbo, kinyesi kikawa cheupe na chembamba, naye anahema kwa kasi. Mtenge, umwone daktari wa mifugo au afisa uvuvi wa wilaya. Afisa huyo huyo muulize habari ya leseni kama unafikiria kuuza.