Kura ya Kupanga Wagombea na Uchaguzi wa Nairobi

Maana ya kura ya kupanga wagombea

Kura ya kupanga wagombea ni utaratibu unaompa mpiga kura nafasi ya kuwaorodhesha wagombea kwa jinsi anavyowapenda. Badala ya kuweka alama moja, anaandika 1 kwa chaguo lake la kwanza, 2 kwa la pili, 3 kwa la tatu, na anaweza kukomea popote. Mgombea akipata zaidi ya nusu ya chaguo za kwanza, ameshinda. Asipopatikana, aliyeburura mkia anaondolewa na kila karatasi yake inapelekwa kwa mgombea aliyepewa namba inayofuata. Hatua hiyo hurudiwa hadi mmoja avuke nusu ya kura ambazo bado zimo katika hesabu.

Australia imetumia utaratibu huu katika uchaguzi wa wabunge tangu 1918. Nchini Marekani, jimbo la Maine liliupitisha kwa kura ya maoni mwaka 2016 na Alaska mwaka 2020. Sri Lanka humchagua rais kwa namna inayofanana na hiyo, ila wote huondolewa kwa pamoja isipokuwa wawili wa juu. Mwaka 2024, Anura Kumara Dissanayake alipokosa nusu ya kura, chaguo za pili zilihesabiwa huko kwa mara ya kwanza.

Mshindi anavyopatikana leo

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa maeneo bunge ya Nairobi kama Westlands, Starehe, Dagoretti Kaskazini au Kibra hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Karatasi hizo hutumbukizwa siku moja, lakini kipimo cha ushindi si kimoja.

Kwa urais, Ibara ya 138 ya Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24 au zaidi. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, duru ya pili hufanyika ndani ya siku 30. Duru hiyo haijawahi kuhitajika. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na mwaka 2022 William Ruto kwa asilimia 50.49.

Kwa ugavana, Ibara ya 180 inasema anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, hata zikiwa chini ya nusu. Seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na wawakilishi wa wadi 85 za Nairobi hupatikana vivyo hivyo.

Sharti la nusu ya kura za urais lina historia yake. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Oginga Odinga wakigawana sehemu kubwa ya kura zilizosalia. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walikuwa wamechagua mtu mwingine.

Mfano wa hesabu

Chukua wadi yenye kura halali 1,000 na wagombea wanne. Ili kushinda katika hesabu ya kwanza, mgombea anahitaji kura 501.

- Hesabu ya kwanza: A 400, B 310, C 190, D 100. Hakuna aliyefika nusu, basi D anaondolewa.
- Hesabu ya pili: kati ya kura za D, 70 zinakwenda kwa B na 20 kwa A. Karatasi 10 hazina chaguo la pili, hivyo zinatoka katika hesabu. Sasa A ana 420, B 380, C 190. C anaondolewa.
- Hesabu ya tatu: kura 130 za C zinakwenda kwa B, 40 kwa A, na 20 zinatoka. A anabaki na 460, B anafikia 510.

B ameshinda kwa kura 510 kati ya 970. Kwa sheria ya leo A angeshinda kwa kura 400, ingawa watu 600 hawakumweka wa kwanza.

Mahali utaratibu huu ungeleta tofauti

Utaratibu huu haubadilishi kila matokeo. Uchaguzi mdogo wa Kibra wa tarehe 7 Novemba 2019 ulikuwa na wagombea 24, lakini Imran Okoth alipata kura 24,636, McDonald Mariga 11,230 na Eliud Owalo 5,275. Mshindi alikuwa amevuka nusu, kwa hiyo chaguo za pili zisingehitajika.

Ugavana wa Nairobi nao umekuwa mashindano ya kambi mbili. Mwaka 2013 Evans Kidero alipata kura 692,490 dhidi ya 617,839 za Ferdinand Waititu. Mwaka 2022 Johnson Sakaja alipata 699,392 dhidi ya 573,516 za Polycarp Igathe.

Tofauti kubwa zaidi ingeonekana katika wadi zenye wagombea wengi wanaokaribiana, na katika mchujo wa vyama. Palipo ngome ya chama, mshindi wa mchujo huwa ameshapata kiti kabla ya siku ya uchaguzi, na anaweza kuupata kwa sehemu ndogo ya kura za wanachama. Mji wa New York ulianza kutumia kura ya kupanga wagombea katika mchujo wa umeya mwaka 2021.

Faida na gharama zake

Faida ya kwanza ni uhuru. Mpiga kura anaweza kumweka wa kwanza mgombea anayemwamini, hata akiwa mdogo, bila hofu kwamba kura yake itapotea. Faida ya pili ni kwamba mgombea anayehitaji namba 2 za wafuasi wa mpinzani wake ana sababu ya kuzungumza nao kwa heshima. Faida ya tatu ni kuepuka duru ya pili na gharama zake.

Gharama kuu iko katika kuhesabu. Ibara ya 86 inataka upigaji kura uwe rahisi na wenye kuhakikika, na kura zihesabiwe na kutangazwa kituoni. Mawakala hutia saini fomu, na nakala hubandikwa hapo kituoni ili kila mkazi aisome. Huo ndio msingi wa imani ya wananchi, na haufai kuguswa. Chaguo za kwanza zinaweza kutangazwa hivyo hivyo. Lakini mgombea wa kuondolewa hajulikani mpaka vituo vyote viwe vimeleta hesabu. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 2.4, na kituo kimoja hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo vituo hupita 3,400. Mpangilio wa kila karatasi ungepaswa kunakiliwa kituoni mbele ya mawakala na kuchapishwa, ili raia yeyote aweze kurudia hesabu.

Onyo lipo: New York, mwaka 2021, zaidi ya kura 130,000 za majaribio zilichanganywa na kura halisi, na matokeo ya awali yakaondolewa. Kosa hilo liligunduliwa kwa sababu takwimu zilikuwa wazi.

Elimu nayo inahitajika mapema, hasa kwa wazee, kwa wasiosoma na kwa watu wenye ulemavu, ili kura zilizoharibika zisiongezeke.

Njia ya kisheria

Kubadilisha kipimo cha ushindi wa rais au gavana kunahitaji kurekebisha Katiba. Bungeni, mswada husubiri siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili, kisha huungwa mkono na theluthi mbili ya wanachama wa kila bunge. Wananchi nao wanaweza kuanzisha marekebisho kwa saini milioni moja.

Kwa wabunge na wawakilishi wadi, Ibara za 97 na 177 zinataka mwakilishi mmoja kwa kila eneo, lakini hazitaji kiwango cha kura za ushindi. Hapo sheria ya kawaida ya Bunge ina nafasi. Njia fupi kuliko zote ni ya vyama: kila chama huandika kanuni zake za uteuzi, na kinaweza kuanza na mchujo wa wadi moja, ambako karatasi ni chache na kila hatua ya hesabu inaweza kufanyika hadharani mbele ya wagombea wote.