FOLENI YA TIKETI: KWA NINI MSONGAMANO UNAUA?

Rungwe ni nchi ya mpira. Waulize wazee wa Makandana habari za mwaka 1986, watakusimulia jinsi Tukuyu Stars ilivyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Siku hizi kijana wa huku akitaka kuziona Simba au Yanga kwa macho yake, hupanda gari, akapita Kiwira na Uyole, hadi Uwanja wa Sokoine mjini Mbeya. Ni mwendo wa kilometa 70 hivi.

Tuseme nauli unayo, hela ya tiketi unayo, na washikaji mpo watano. Mnafika saa tisa na nusu, mechi inaanza saa kumi. Dirishani watu wamejaa, getini wamejaa. Hapo ndipo somo letu la leo linapoanzia, maana hatari kubwa ya siku ya mechi mara nyingi iko pale nje, kabla hata filimbi haijapulizwa.

Yaliyokwisha kutokea

Tarehe 28 Mei 2023 Yanga ilicheza na USM Alger ya Algeria, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Watu walikanyagana wakigombea kuingia. Shabiki mmoja alifariki na wengine wapatao 30 waliumia.

Jijini Nairobi, tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards zilikutana katika Uwanja wa Nyayo. Watu 7 walipoteza maisha katika msukumano wa getini.

Na huko Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Nje ya geti watu walikuwa wamesongamana, polisi wakafungua geti kubwa ili kupunguza presha. Umati ukaingia kwa njia moja na kwenda kuwabana waliokuwa mbele, katika sehemu iliyokwisha kujaa. Jumla ya waliofariki ni 97.

Mtu hufaje katika msongamano?

Wengi hudhani ni kwa kukanyagwa. Wako wanaokanyagwa, kweli, lakini wengi hufa wakiwa wima, kwa kukosa hewa.

Kumbuka somo la biolojia. Unapovuta pumzi, mbavu hupanda na kutanuka, na msuli mpana ulio chini ya mapafu, uitwao kiwambo, hushuka. Kifua kinapata nafasi, hewa inaingia, nusu lita hivi kwa kila pumzi ya kawaida. Sasa fikiria umebanwa mbele na nyuma. Mbavu hazina pa kutanukia. Pua iko wazi, mdomo uko wazi, lakini hewa haiingii. Muda si mrefu mtu huzimia, na baada ya dakika chache ubongo huanza kuharibika. Hakuna gari la wagonjwa linaloweza kupenya umati ndani ya muda huo. Msaada wa kwanza ni wewe uliye karibu.

Nani anasukuma?

Katika eneo la mita moja ya mraba, watu 4 bado wanaweza kujongea kwa hiari yao. Wakifika 6 au 7, kila mmoja amegusana na mwenzake pande zote. Mmoja akiyumba, wote wanayumba, kama maji ndani ya ndoo.

Aliye nyuma haoni haya. Yeye anaona mgongo wa jamaa mbele yake, anasukuma kidogo tu ili foleni isogee. Wa nyuma yake naye kidogo. Visukumo vidogo vya watu mia vinajumlishwa, na mzigo wote unamwangukia aliyebanwa na ukuta au geti. Kwa hiyo usiseme, "Mimi nimesukuma kidogo."

Dakika mbaya zaidi ni ya fungulia mbwa. Geti linafunguliwa ghafla na kila mtu anataka awe wa kwanza. Kama huna tiketi na unasubiri dakika hiyo, kaa mbali na geti. Waache wapite, ndipo uingie. Goli utakalolikosa utasimuliwa.

Ufanye nini?

• Nunua tiketi mapema iwezekanavyo. Kama inauzwa siku ya mechi tu, fika saa mbili au tatu kabla.
• Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, tena mbali na geti.
• Ukiona huwezi tena kuinua mikono, toka mapema. Usisubiri hadi ushindwe.
• Ukibanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mbavu zipate nafasi. Usipigane na wimbi. Likitulia, jongea kwa upande kidogo kidogo.
• Kiatu au simu ikianguka, iache. Usiiname.
• Usipige kelele ovyo, tunza pumzi. Mwenzako akianguka, mwinueni haraka.
• Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu mahali penye hewa. Asiyepumua, aanze kuhudumiwa mara moja na anayejua huduma ya kwanza, huku mwingine akiita askari au wahudumu.

Kuna jambo jingine ambalo dada zetu wanalijua vizuri. Wako wanaotumia msongamano kumshika msichana mwili wake. Hilo ni kosa la jinai, wala si utani wa mpirani. Kaka, ukiona mwenzako anafanya hivyo, usicheke. Mkemee. Dada, una haki ya kupaza sauti na kumwita askari.

Kosa ni la nani?

Baada ya Hillsborough, mashabiki walilaumiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2016 baraza la mahakama lilitamka kwamba waliofariki waliuawa isivyo halali, na kwamba mashabiki hawakuchangia hatari iliyotokea. Usalama wa umati ulikuwa mikononi mwa waliosimamia mechi. Tujifunze hapo: kijana awe na adabu ya foleni, lakini mwandaaji ndiye mwenye wajibu wa kuweka madirisha ya kutosha, mageti ya kutosha na watu wa kuongoza.

Nanyi mnaweza kuanza shuleni kwenu. Mechi ijayo ya kiingilio, wekeni dirisha la tiketi mbali na mlango wa kuingilia. Fungeni kamba ili foleni iwe ya mtu mmoja mmoja. Mlango wa kutokea uwe wazi muda wote. Na mtu mmoja asimame nyuma ya foleni akiwaeleza watu kinachoendelea mbele.

Maswali ya kujadili

1. Weka mikono juu ya mbavu zako, hesabu pumzi zako kwa dakika moja. Mbavu zinafanya nini?
2. Chora kwa chaki mraba wa mita moja. Wasimame wawili, kisha wanne, msizidi hapo. Mmeona tofauti gani?
3. Kwa nini aliye nyuma ya umati hajui kwamba wa mbele anakosa hewa? Mnaweza kumjulishaje?