Vifaranga vya kambale kwenye tangi la kioo: wiki mbili za kwanza

Vijana wengi wananiuliza: mbona vifaranga vya kambale wanakufa tangini, wakati kambale tunamjua ni mgumu, hata kwenye tope anaishi? Jibu ni kwamba ugumu ule hazaliwi nao. Kambale mkubwa ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje. Kwa kifaranga kiungo hicho huanza kufanya kazi akifikisha kama wiki mbili hadi tatu. Kabla ya hapo anategemea oksijeni iliyo ndani ya maji, basi.

Kwa hiyo pampu ya hewa iwake usiku na mchana, ila kwa mapovu madogo, maana mkondo mkali unawachosha. Kama kwenu umeme unakatika mara kwa mara, nunua pampu ya betri kabla hujanunua vifaranga. Umeme ukikatika, usilishe kabisa. Na ukiona wamejazana juu ya maji au wanagombania mapovu, ujue hewa haitoshi.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo iliyo wazi saa 24. Joto liwe nyuzi 26 hadi 30, na maji mapya yalingane joto na yale ya tangini. Funika sehemu ya tangi, kambale hapendi mwanga. Usiwashike kwa mkono. Hawana magamba na ngozi yao ni laini mno. Wahamishe kwa kikombe pamoja na maji yao.

Siku kama tatu za kwanza wanakula kiini walichozaliwa nacho. Kikiisha, wape artemia walioanguliwa au viroboto maji, kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, kisha uwazoeshe chakula cha unga chenye protini asilimia 45 au zaidi. Kuna wanaotumia kiini cha yai la kuchemsha. Mimi sikipendi, kinaozesha maji haraka. Kila siku nyonya mabaki ya chini kwa mpira mwembamba.

Halafu kuna kulana. Wakitofautiana ukubwa, mkubwa anaanza kuuma mikia ya wenzake, baadaye anawameza wazima. Usingoje hesabu ipungue: kila baada ya siku chache watenge wakubwa tangi lao. Wakianza kupanda juu kugutia hewa na kurudi chini, fikiria kuandaa bwawa.