Kufuli la Kifua Kikuu

Wanafunzi wenzangu, sote tunayajua malori yanayopanga foleni Malaba yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Dereva na utingo wake hulala humo humo, vioo wamefunga kwa ajili ya mbu na wezi. Kifua kikuu husafiri kwa hewa, kwa hivyo mmoja akikohoa mwenzake yumo hatarini. Hebu leo tumtazame bakteria mwenyewe kwa ndani, yule aliyetangazwa na Robert Koch mwaka wa 1882.

Bakteria huyu hujivika ukuta wa mafuta magumu kama nta. Bila ukuta huo hufa. Hujengwa na protini kadhaa, mojawapo ikiitwa InhA. Protini ina umbo lake, lenye mashimo na pembe, mithili ya kufuli. Dawa ni ufunguo unaokwama tunduni. Ni yale yale ya vimeng'enya tuliyosoma katika Biolojia.

Je, tundu dogo namna hiyo huonekanaje? Darubini ya maabara yetu haifui dafu. Wataalamu hugeuza protini kuwa fuwele, kama za chumvi, huzimulika kwa eksirei, kisha hukokotoa umbo kutokana na jinsi miale inavyotawanyika. Umbo la InhA lilichapishwa mwaka wa 1995. Ajabu ni kwamba isoniazidi, dawa inayoziba tundu hilo, ilikuwa ikitumika tangu 1952! Watu walikuwa na ufunguo miaka zaidi ya 40 kabla ya kuliona kufuli.

Basi kuliona kuna faida gani? Muulize fundi wa kufuli pale sokoni Busia: akiliona tundu anachonga, asipoliona anabahatisha. Isoniazidi humezwa ikiwa imelala, na huamshwa na protini nyingine ya bakteria huyo huyo, KatG. Bakteria ambaye KatG yake imeharibika hawezi kuiamsha, naye hunusurika. Mjomba wangu, utingo wa Mombasa hadi Kampala, alipata nafuu baada ya miezi miwili akataka kuacha vidonge. Nyanya alikataa katakata, akawa anavihesabu kila asubuhi. Tiba ikikatizwa, wajanja kama hao ndio hubaki wakazaana.

Kwa vile umbo la InhA linajulikana, wanasayansi wanachonga funguo zinazoingia moja kwa moja bila kuingoja KatG. Wanatafuta na makufuli mengine pia, maana mwaka wa 1998 orodha ya jeni za bakteria huyu, takriban 4,000, ilichapishwa. Lakini si kila protini inafaa. Sharti bakteria ashindwe kuishi bila hiyo, tena isifanane na ya binadamu, la sivyo tutamfungia mgonjwa mlango wake mwenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo penye kazi.

Nisiwadanganye, si dawa zote hupatikana hivi. Bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2012, ilitokana na kujaribu kemikali nyingi juu ya bakteria. Baadaye ndipo ikajulikana kuwa inakwamisha kinu chake cha nishati. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya miezi 6 yenye dawa hiyo kwa kifua kikuu sugu, ambacho awali mgonjwa aliweza kukimezea dawa miezi 18 au zaidi.