Sumbawanga hadi Dar es Salaam: mbona angani ni karibu zaidi?

SWALI: Kwa basi, Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Mbona naambiwa kwa ndege hazifiki 900? Na huchukua saa ngapi?
Msomaji, Sumbawanga

JIBU: Umeambiwa kweli. Basi huanza kwa kushuka kusini hadi Tunduma, ndipo likamate barabara kuu ya Mbeya, Iringa na Morogoro. Ndege hukata moja kwa moja kuelekea mashariki, takriban kilomita 850. Ndege ya mapangaboi yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa huhitaji karibu saa mbili, ukihesabu kupaa na kutua.

Uwanda wa Ufipa, ilipo Sumbawanga, nao una lake. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini na mbawa hupungukiwa nguvu, hivyo ndege hukimbia zaidi ardhini kabla ya kupaa. Njia ndefu ya kurukia hapa si anasa hata kidogo.

Ukipandia uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, angani ni kilomita 690 hivi, lakini kwanza kuna kilomita 300 za barabara. Jumlisha na saa za barabara hiyo kabla ya kukata tiketi.